Jinsi ya Kuyaona Maajabu ya Wanyamapori kwa Kuanzia Kwenye Mmea

Anayetembelea hifadhi zetu kwa mara ya kwanza huwa na hamu ya kuona simba, ndovu na chui, na kwa kuwa saa zake ni chache, dereva humpeleka mbio kutoka kundi moja hadi jingine mpaka jua linapotua. Hakuna ubaya katika hilo, lakini mambo ya kushangaza zaidi kuhusu wanyama wetu hayaonekani kwa namna hiyo, kwa sababu mengi yake hutokea pale mnyama anapokutana na mmea: anapoula, anapoulinda, anapoishi ndani yake au anapoichukua sumu yake na kuifanya silaha. Mwongozo huu unapendekeza njia iliyo kinyume na ile ya kawaida. Chagua mmea kwanza, ujifunze kuutambua vizuri, kisha kaa karibu nao usubiri kuona ni nani anayeujia, anakuja saa ngapi na anafuata nini. Mmea haukimbii wala haujifichi, na mara nyingi uko karibu na nyumbani kuliko lango la hifadhi yoyote. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kilifi au mkulima wa Dodoma asiye na gari anaweza kuifuata njia hii sawasawa na mtalii mwenye fedha nyingi.

Maandalizi

Vifaa vinavyohitajika ni vichache. Chukua daftari, kalamu ya risasi ambayo maandishi yake hayafutiki kwa mvua, darubini ndogo ya mkononi ikiwa unayo, lenzi ya kukuzia kwa ajili ya wadudu, na tochi ambayo kioo chake umekifunika kwa kitambaa chekundu, kwa kuwa mwanga mwekundu huwasumbua kidogo tu wanyama wa usiku. Vaa viatu vinavyofunika mguu mzima. Jambo la muhimu kuliko vifaa vyote ni ruhusa na mwenyeji: katika hifadhi nyingi, ikiwamo Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, hairuhusiwi kushuka garini isipokuwa kwenye sehemu zilizotengwa, na kwenye ardhi ya jamii au ya mtu binafsi ni lazima uombe ruhusa na uongozane na mtu anayelijua eneo hilo. Mwenyeji wa namna hiyo atakulinda dhidi ya nyati, na mara nyingi atakupa pia jina la mmea katika lugha ya mahali hapo pamoja na matumizi yake.

Jiwekee kanuni moja tangu mwanzo, nayo ni kukaa. Nusu saa kwenye mti mmoja ndicho kiasi cha chini, kwa sababu dakika za kwanza wanyama huwa wametulia au wamejificha kwa sababu yako wewe uliyefika.

Mgunga wenye vinundu na walinzi wake

Ikiwa unaishi Nairobi, Kajiado, Laikipia au karibu na Serengeti, ningekushauri uanze na mgunga huu, kwa kuwa sijui mmea mwingine unaoonyesha mengi kiasi hiki kwa mtu aliyesimama mahali pamoja. Ni mti mfupi wenye miiba mirefu myeupe, na baadhi ya miiba hiyo imevimba kwenye kitako chake na kuwa vinundu vya mviringo ambavyo huwa laini na vya rangi ya kijani au zambarau vikiwa vichanga, kisha vikawa vigumu na vyeusi vinapokomaa. Wamaasai huuita eluai, na katika elimu ya mimea unaitwa Vachellia drepanolobium. Huota kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka wakati wa kiangazi na kunasa magari wakati wa masika, na mara nyingi hutawala eneo kubwa ukiwa karibu peke yake. Siku yenye upepo utausikia ukipiga mluzi mwembamba, kwa kuwa kila kinundu kilichokomaa ndani ni kitupu na kina matundu yaliyotobolewa na sisimizi.

Hatua ya kwanza ni kuangalia bila kugusa. Tafuta kinundu chenye tundu, uone sisimizi wanaoingia na kutoka, kisha fuata njia yao hadi kwenye vikonyo vya majani, ambako mti hutoa matone ya maji matamu. Mti, kwa hiyo, unawapa sisimizi nyumba na chakula. Malipo yake utayaona katika hatua ya pili: chukua fimbo ndefu, gonga tawi polepole mara moja tu, kisha rudi nyuma. Katika muda mfupi sana sisimizi watamiminika kutoka kwenye vinundu, wengi wao wakiinua matumbo yao juu, tayari kung'ata. Mbuzi au swala anayeng'oa majani hupata maumivu ya midomo. Ndovu hupata mateso makubwa zaidi, kwa sababu sisimizi huingia ndani ya mkonga wake, ambako ngozi ni laini. Watafiti Jacob Goheen na Todd Palmer walilithibitisha hili katika utafiti waliouchapisha mwaka 2010, ambapo ndovu yatima nchini Kenya walipewa matawi ya aina mbalimbali: walikula mgunga huu bila wasiwasi ulipoondolewa sisimizi, na waliukataa hata mti wa kikwata, ambao kwa kawaida huupenda, ulipowekewa sisimizi hao. Twiga hawajali sana. Ulimi wao mrefu unawafagia.

Hatua ya tatu inahitaji lenzi na subira, lakini ndiyo yenye utamu. Huko Laikipia wako sisimizi wa aina nne wanaoishi kwenye mgunga huu, na kwa kawaida mti mmoja hukaliwa na aina moja tu, kwa kuwa hupigania miti na kunyang'anyana. Mwenye kichwa na kifua chekundu na tumbo jeusi ni Crematogaster mimosae, mlinzi hodari. Mwenye kifua chekundu lakini kichwa na tumbo vyeusi ni Crematogaster nigriceps, naye ana tabia ya ajabu ya kukata machipukizi ya pembeni ili matawi ya mti wake yasigusane na ya mti wa jirani wenye maadui. Kwa kufanya hivyo huuzuia mti usitoe maua, hivyo anaulinda na wakati huohuo anaunyima uzazi. Mweusi mwembamba, Tetraponera penzigi, huharibu vile vitoa-utamu vya majani, na kwa njia hiyo mti wake unakuwa hauna cha kuwavutia washindani wenye nguvu kuliko yeye. Wa nne, Crematogaster sjostedti, ni mweusi mwili mzima, mvivu wa kulinda, na hukaa zaidi kwenye mashimo yaliyochimbwa na mabuu wa mbawakawa ndani ya shina. Andika katika daftari ni aina gani uliyoikuta kwenye kila mti, kisha linganisha umbo la miti hiyo. Utashangaa jinsi mti wenye nigriceps unavyojitenga kwa matawi yaliyosongamana.

Baada ya hapo tafuta alama za wanyama wakubwa: matawi yaliyovunjwa, gome lililobanduliwa, samadi. Tangu mwaka 1995, katika eneo la Mpala, Laikipia, kuna viwanja vilivyozungushiwa uzio ili kuwazuia ndovu, twiga na wengineo wasiingie. Mtu angetarajia miti iliyo ndani ya uzio istawi. Palmer na wenzake walionyesha mwaka 2008 kwamba ilitokea kinyume: baada ya miaka 10 bila kuliwa, miti ilipunguza vinundu na utamu, sisimizi walinzi wakadhoofika, yule mvivu wa mashimoni akatwaa miti mingi, mbawakawa wakazidi kutoboa shina, na miti ikakua polepole na kufa kwa wingi kuliko ile iliyoliwa kila siku. Kwa hiyo, ukiona mgunga ulioliwa, usiuhurumie haraka.

Kuna jambo jingine unalopaswa kulichunguza ardhini, hasa karibu na majengo, kambi na barabara. Sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa, Pheidole megacephala, wamevamia sehemu za Laikipia na kuwaua sisimizi walinzi wa mgunga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, ulioongozwa na Douglas Kamaru na kufanyika Ol Pejeta, hifadhi iliyo hukohuko Laikipia, ulifuata matokeo yake hatua kwa hatua. Mgunga usio na walinzi huvunjwa na ndovu, nyika hubaki wazi, na simba, anayehitaji kichaka cha kujificha ili amvizie pundamilia, hukosa mahali pa kuvizia. Mwaka 2003 pundamilia walikuwa asilimia 67 ya mawindo ya simba wa huko. Kufikia mwaka 2020 walikuwa asilimia 42, na nyati, ambao mwanzoni hawakuwamo kabisa katika hesabu hiyo, walikuwa wamefikia asilimia 42. Mdudu mdogo anayesafiri kwenye udongo wa vyungu vya maua na mizigo amebadilisha chakula cha simba. Kwa sababu hiyo ninasisitiza: kung'uta viatu, mikeka na magurudumu kabla ya kuhama eneo moja kwenda jingine ni sehemu ya kazi hii, wala si adabu ya ziada.

Mbuyu baada ya jua kutua

Karibu kila mtoto wa Mombasa au Unguja ameonja ubuyu wenye sukari na rangi nyekundu, lakini ni wachache waliowahi kuliona ua la mbuyu likifunguka. Katika sehemu nyingi za pwani na bara kavu mibuyu huchanua karibu na msimu wa vuli, ingawa miti miwili ya jirani inaweza kupishana. Kwa hiyo usitegemee kalenda bali tafuta vichwa vya maua vya mviringo vinavyoning'inia kwenye vikonyo virefu, na chini ya mti utafute maua ya jana yaliyodondoka, yaliyogeuka rangi ya kahawia na kutoa harufu nzito isiyopendeza.

Ukishapata mti wa namna hiyo, fika saa kumi na moja jioni, chagua chipukizi lililo chini ambalo ganda lake limeanza kupasuka, kisha kaa upande usiopelekea upepo wa harufu yako kwenye mti. Jua linapotua ganda hujikunja nyuma na petali nyeupe pana hufunguka kwa kasi ambayo jicho linaweza kuifuata, na katikati hutokeza tufe la mamia ya nyuzi za chavua. Ua hilo lina usiku mmoja tu wa kazi. Wageni wake wakuu hapa kwetu ni popo wa matunda, wanaolikumbatia ua kwa muda mfupi ili walambe utamu wake na kuondoka na chavua kifuani, kisha wakaipeleka kwenye mti mwingine. Komba nao huja, na macho yao utayaona yakimeremeta kwenye mwanga wa tochi. Nondo hawakosekani. Kwa kila mgeni andika saa, muda aliokaa, na kama aligusa zile nyuzi za katikati au aliiba utamu kwa pembeni, kwa kuwa anayeiba bila kugusa chavua hausaidii mti.

Ubuyu wa sokoni unategemea kwa sehemu kubwa wanyama ambao watu huwafukuza kwa moshi na mawe. Ukiwa na watoto, waonyeshe kwanza ua na popo wake, kisha tunda. Hata hivyo, usimshike popo kwa mkono, awe hai au amekufa, kwa kuwa anaweza kuwa na kichaa na maradhi mengine, wala usiingie ndani ya shina lenye uwazi bila kuangalia, kwa sababu nyuki, bundi na nyoka hupenda kukaa humo.

Kuhusu umri wa mibuyu, kuwa mwangalifu na takwimu zinazotajwa na waongozaji wa watalii. Unene wa shina haukupi umri, kwa kuwa mti huu huvimba na kusinyaa kulingana na maji yaliyomo ndani yake, na mara nyingi shina linaloonekana moja ni mashina kadhaa yaliyoungana. Umri unaoaminika hupatikana kwa kupima kaboni. Mbuyu wa Panke nchini Zimbabwe, uliokufa, ulipimwa hivyo na kukadiriwa kuwa na miaka ipatayo 2,450.

Mikoko wakati maji yanapogeuka

Kwa mikoko, ratiba yako ni maji. Fika maji yakiwa yamekupwa na ukae mpaka yanapoanza kujaa, hasa siku za bamvua, ambapo maji hupwa na kujaa kupita kawaida. Kuna njia za mbao zinazokuwezesha kutembea bila kuharibu mizizi huko Gazi, Mida na Jozani.

Tambua miti miwili kwanza. Mchu una mizizi midogo iliyosimama wima kutoka matopeni. Lamba jani lake nawe utaonja chumvi, kwa kuwa mti huitoa chumvi kupitia tezi za majani, na wakati wa jua kali punje zake huonekana kwa macho. Mti wa pili, mkoko wenyewe, una mizizi ya miguu mirefu inayojipinda, na mbegu zake huota zingali juu ya mti mama: kile kitu kirefu cha kijani kinachoning'inia, ambacho hufikia nusu mita na zaidi, ni mche kamili unaosubiri kudondoka na kujisimika matopeni au kuelea na maji.

Sasa tazama shina la mchu. Konokono mwenye ncha iliyokatika, Cerithidea decollata, hushuka matopeni kula maji yanapokupwa, kisha hupanda tena shinani kabla maji hayajafika. Chora alama ya chaki kwenye kimo walichofikia, uandike saa, halafu subiri maji. Utaona kwamba waliianza safari maji yangali mbali. Kwenye mkoko tafuta kaa mdogo wa mitini, Parasesarma leptosoma, ambaye katika mikoko ya Kenya ameonekana kupanda hadi vileleni mara mbili kwa siku ili ale majani mabichi na kurudi mizizini. Ukisogea kwa kishindo atazunguka upande wa pili wa shina, kwa hiyo mwendo wako uwe wa polepole mno.

Ukiwa Jozani, tenga saa moja kwa ajili ya kima punju, ambaye kwa asili hupatikana Unguja pekee. Wale wanaoishi kando ya mashamba hula majani ya miembe na mikungu, miti iliyoletwa kutoka ng'ambo ambayo majani yake yana kemikali zinazosumbua tumbo, na kisha hutafuta mkaa kwenye tanuri na visiki vilivyoungua na kuutafuna. Mkaa hunasa kemikali hizo, jambo lililochunguzwa na Thomas Struhsaker na wenzake katika miaka ya 1990. Usiwape chakula wala usisogee kiasi cha kuwapumulia, kwa kuwa mafua yetu huwapata nao.

Mlembe, na namna ya kupima unachosimuliwa

Mlembe ni ndege wa rangi ya kijivu na kahawia asiyevutia macho, ambaye huwaongoza watu kwenye mizinga ya nyuki wa porini iliyo ndani ya mibuyu na migunga yenye mashimo. Yeye hutaka nta na mabuu, binadamu hutaka asali. Mmishonari Mreno João dos Santos, aliyekaa Sofala mwishoni mwa karne ya 16, aliandika kuhusu ndege huyu kuingia kanisani na kula nta ya mishumaa. Hussein Isack, mtafiti Mkenya, pamoja na Heinz-Ulrich Reyer, walichapisha mwaka 1989 kwamba Waborana wa kaskazini mwa Kenya, kwenye maeneo wasiyoyazoea, walitumia wastani wa saa 8.9 kupata mzinga bila ndege, na saa 3.2 wakiwa naye. Wayao wa Niassa, Msumbiji, humwita kwa sauti ya mtetemo inayoishia kwa mguno, na utafiti wa Claire Spottiswoode na wenzake wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba sauti hiyo huongeza uwezekano wa kuongozwa kutoka asilimia 33 hadi 66. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hupiga mluzi badala yake, na mlembe wa kila mahali huitikia zaidi wito wa watu wa mahali pake.

Ukitaka kuliona jambo hili, nenda na warina asali wenyewe, nje ya hifadhi za taifa, na uwaache wao wafanye kazi. Utamsikia mlembe akipiga kelele za kukatakata, akipanua mkia wake wenye manyoya meupe pembeni, akiruka hatua fupi kutoka mti hadi mti na kusubiri mfike. Anaponyamaza au kuzungukazunguka sehemu moja, anzeni kuangalia matundu ya mti. Kwenye mbuyu utamwona Mhadzabe akigongomea vigingi vya mti shinani na kuvifanya ngazi. Angalia pia kinachofanywa baadaye: Wayao na Waborana humwachia ndege nta, ilhali Wahadzabe mara nyingi huificha au kuichoma ili abaki na njaa na kuendelea kuongoza. Ndege huyuhuyu anayeshirikiana na watu kwa uaminifu hutaga kwenye viota vya wengine kama keremkerem, na kifaranga wake huanguliwa akiwa na ndoana kali mdomoni za kuwaulia watoto wa mwenye kiota.

Utaambiwa pia kwamba mlembe humwongoza nyegere. Simulizi hii imo katika vitabu vingi, nayo inafaa kuwa zoezi lako la kupima ukweli. Jiulize nani aliona, aliona wapi, na ni watu wangapi wengine wanaoishi hapo wanaokubaliana naye. Watafiti walifanya hivyo hasa, wakawauliza karibu warina asali 400 katika nchi mbalimbali za Afrika, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 takriban asilimia 80 walitilia shaka jambo hilo. Lakini miongoni mwa Wahadzabe wengi walisema wamewahi kuliona kwa macho yao. Jibu la haki, basi, ni kwamba huenda linatokea katika baadhi ya sehemu za Tanzania na si kila mahali. Ifanyie vivyo hivyo ile habari ya ndovu kulewa kwa matunda ya mng'ongo. Mwaka 2006 wanafiziolojia walikokotoa kwamba ndovu angelazimika kula kiasi kisichowezekana cha matunda yaliyochacha, na mwaka 2020 wanajenetiki wakaonyesha kwamba ndovu hana jeni inayofanya kazi ya kuvunjavunja kileo ambayo sisi tunayo, hivyo hesabu za awali zinaweza kuwa na kasoro. Mpaka mtu ampime ndovu mwenyewe, andika katika daftari lako kwamba suala hili bado linajadiliwa.

Mimea miwili ya kuangalia kwa tahadhari

Msunguti ni kichaka au mti mdogo wenye majani magumu yanayong'aa, maua meupe yenye harufu nzuri na matunda yanayoiva kuwa ya zambarau. Ndio waliokuwa wakiutumia Waata, Wakamba na Wagiriama kutengenezea sumu ya mishale inayosimamisha moyo wa ndovu. Jifunze kuutambua, kisha usiukate, usiutafune, wala usiuchome kuni. Panya mkubwa mwenye kishungi, Lophiomys imhausi, anaishi katika misitu na nyanda za juu za Afrika Mashariki, naye hutafuna gome la mti huu na kulipaka kwenye ukanda wa manyoya ubavuni mwake. Manyoya hayo yana vitundu vinavyonyonya sumu, na mbwa anayemng'ata anaweza kufa. Jambo hilo lilielezwa kisayansi na Jonathan Kingdon na wenzake mwaka 2011. Kumwona porini ni bahati kubwa kwa kuwa hutembea usiku, kwa hiyo alama za meno kwenye gome la msunguti ndizo unazoweza kuzitafuta mchana.

Mmea wa pili umefichika ardhini. Katika nyika za Mtito Andei, Samburu na Meru, hasa baada ya mvua kulainisha udongo, tafuta vilima vidogo vya udongo vyenye shimo juu, vinavyorusha vumbi kwa vipindi asubuhi. Chini yake kuna fuko asiye na manyoya, anayeishi katika kundi lenye jike mmoja tu anayezaa, na ambaye anaweza kuishi zaidi ya miaka 30. Kundi hulishwa na viazi-mwitu vikubwa, kama vile vya Pyrenacantha malvifolia, ambavyo kimoja huweza kufikia kilo 50. Fuko hula nyama ya ndani na kuacha ngozi, kisha huziba tundu kwa udongo, na kiazi huota tena. Usichimbe. Kaa hatua chache kutoka kwenye kilima, usikanyage kwa nguvu, na uhesabu ni muda gani unapita kati ya mrusho mmoja wa udongo na mwingine.

Kuweka kumbukumbu na kuzishirikisha

Kila ingizo katika daftari liwe na tarehe, saa, mahali, hali ya hewa, jina la mmea katika lugha ya mahali na jina la Kilatini ukilijua, mnyama aliyeonekana, na kitendo alichofanya. Tenganisha ulichokiona na ulichoambiwa. Mimi ningependekeza kurasa za kushoto ziwe za macho na za kulia ziwe za masikio, kwa kuwa baada ya miezi michache ni rahisi sana kuchanganya hivyo viwili. Usipojua jina, piga picha nne: mmea mzima, jani pande zote mbili, ua au tunda, na gome. Picha hizo zinatosha kwa mtaalamu wa makumbusho au kwa watumiaji wa jukwaa la mtandaoni la iNaturalist kukutambulia aina nyingi.

Unapopandisha kumbukumbu zako mtandaoni, ficha mahali halisi pa viumbe wanaowindwa au kuibwa. Jukwaa hilo huficha lenyewe mahali pa aina nyingi zilizo hatarini, lakini picha ya simu inaweza kubeba majira ya nukta, yaani namba zinazoonyesha mahali halisi ilipopigwa, bila wewe kujua, na ukiituma moja kwa moja kwenye kundi la WhatsApp yatasafiri nayo ikiwa imetumwa kama faili. Zima huduma ya mahali kwenye kamera kabla ya kumpiga picha kakakuona, kasa anayetaga au msandali uliokomaa, na katika maelezo taja wilaya au kaunti peke yake.